Kilo Alizomwahidi Mama Yake

Siku niliyojua kwamba kilo zangu zimetolewa ahadi, nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya kochi la watu watatu, nyundo mkononi, misumari minne midogo nimeibana kati ya midomo.

Kochi lilikuwa la mama mkwe wangu mtarajiwa. Nilijitolea mwenyewe kulivisha upya kabla ya harusi, maana hiyo ndiyo kazi niliyorithi kwa marehemu baba: karakana ya makochi, mkasi wa kukatia sponji, na jina. Kila mtu ananiita Fundi. Kwa upande wa mama nilirithi umbo, na tangu miaka sita iliyopita nina kisukari, kile cha aina ya pili, kinachotaka vidonge kila siku na maneno ya watu kila saa. Harusi ilikuwa imebakiza miezi minne. Mwanaume wangu ni mpima ardhi, mrefu, mwembamba, mpole mpaka anakera. Mimi namwita Mpimaji.

Asubuhi ile nilikuwa nimemuaga mama mkwe kwamba naenda karakana kuchukua kitambaa. Sikufika mbali. Nilikumbuka kwamba kitambaa nimekiweka chini ya sponji, nikarudi kimyakimya kuendelea na kazi. Yeye na Mpimaji hawakujua. Waliingia sebuleni wakiongea.

"Simwoni akipungua," mama yake alisema. "Wiki ya tatu hii. Yuleyule."

"Anapungua, mama. Nguo zimeanza kumlegea."

"Uliniahidi kilo ishirini kabla ya harusi."

"Nilikuahidi na nitatimiza. Nipe muda tu."

Nitatimiza! Utadhani kilo ni zake, kazitoa mfukoni akaziweka mezani.

Nilitema misumari kiganjani, mmoja baada ya mwingine, taratibu, kwa sababu sikutaka kuumeza hata mmoja kwa ajili ya watu wale. Kisha nikasimama. Mama alipiga ukelele, akajishika kifua.

"Kilo ishirini," nikasema. "Mpimaji, hizo kilo ni zako au zangu?"

"Fundi... nilidhani umetoka."

"Nimeona ulivyodhani."

"Si kama unavyofikiri."

"Basi nifikirishe. Nina nyundo na nina muda."

Akapiga hatua moja kuelekea mlangoni. Ndivyo alivyo. Ukimpa mlima atakwambia urefu wake, ukimpa ugomvi anatafuta mlango. Na yale macho yake, ambayo siku zote yakinitazama najisikia nimevishwa upya, siku ile yalikuwa yanatazama zulia.

"Wewe kazi yako ni viwanja vya watu," nikamwambia. "Unapima, unaweka vigingi, unachora ramani, unamkabidhi mwenye kiwanja. Mimi si kiwanja. Nani alikutuma unipime, halafu ukanikabidhi kwa mama yako?"

"Punguza sauti," mama akasema. "Hapa ni kwangu."

"Nitapunguza, mama. Pengine ndicho kitu pekee kitakachopungua leo humu ndani."

Naye akawaka. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, lakini akisimama wima chumba kizima kinakaa. "Unafikiri nakuchukia? Baba yake alikuwa na sukari. Nimemuuguza miaka sita. Asubuhi nafunga kidonda, jioni nafunga kidonda, mpaka mguu wenyewe ukakatwa, na bado nikamzika. Sitaki mwanangu apite nilikopita mimi. Nimekupa ule unga kwa mapenzi, kama binti yangu. Kama huwezi kupungua, mwache mwanangu atafute mwingine."

"Mama!" Mpimaji alisema.

Nilisubiri neno la pili. Halikuja.

Kuhusu huo unga, sina budi kusema ukweli. Wiki tatu kabla, mama alinivuta jikoni kwake akanipa kopo lisilo na maandishi. Kijiko kimoja asubuhi, chakula cha mchana achana nacho. Na mimi, mtu mzima wa miaka thelathini na tano, ninayebishana na wauza mbao mpaka wanaomba radhi, nilikubali. Nilitaka anipende. Niliunywa kila asubuhi pamoja na vidonge vyangu, nikashinda njaa mpaka jioni, nikigonga misumari huku tumbo likilia kama paka mlangoni. Hasira niliyokuwa nayo sebuleni pale, nusu yake ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Mikono ikaanza kutetemeka. Nikadhani ni hiyo hasira. Kisha jasho likanitoka mgongoni, baridi, nguo ikanata. Midomo ikafa ganzi. Nikaiona sura ya Mpimaji ikiwa mbili, na hata hizo mbili hakuna iliyokuwa inasema kitu. Hapo nikajua. Ilikuwa inakaribia adhuhuri na sikuwa nimetia chochote mdomoni zaidi ya unga na vidonge.

"Nipeni sukari," nikasema.

Kopo la sukari lilikuwa kwenye meza ya chai. Mama aliliwekea mkono juu.

"Sukari? Mtu ana sukari, anaomba sukari? Ndiyo iliyomuua mume wangu! Miaka sita niliificha humu ndani, leo nikupe wewe kwa mkono wangu?"

"Imeshuka." Ulimi ulikuwa mzito kama umefungwa sponji. "Mpimaji. Imeshuka. Nipe."

Akanitazama. Kisha akamtazama mama yake.

Sijui aliuliza nini kwa macho yale, na sijui mama alijibu nini. Watu wa saa watasema zilikuwa sekunde tatu au nne. Mimi nilizihesabu vingine. Miaka miwili ya kuniambia kwamba bila mimi hapumui, na nilipoishiwa pumzi mimi, aliomba ruhusa.

Magoti yaliisha nguvu. Nilijivuta mpaka mezani, nikalishika kopo, mama akalishika, tukalivuta, likaanguka. Sukari ikamwagika kwenye zulia. Basi nikainama pale chini, mbele ya mama mkwe wangu mtarajiwa, nikaizoa kwa kiganja pamoja na nyuzi za zulia, nikala.

Hapo ndipo Mpimaji alipozinduka. Alikimbilia jikoni, akarudi na juisi, akanishika kichwa, akaninywesha. Nilikunywa kwa sababu sikuwa na nguvu ya kukataa. Ilichukua kama robo saa dunia kurudi mahali pake. Niliporudi nilimkuta analia, shati lake limelowa juisi.

"Nisamehe," akasema. "Sikujua."

"Najua hukujua. Unajua kiatu changu ni namba ngapi. Unajua nikikohoa ni mafua au ni vumbi la sponji. Miaka miwili, Mpimaji, na hujui nikitetemeka nipewe nini. Ila kilo ulizijua."

"Niliogopa. Mama alisema hatakuja harusini. Nikasema neno la kumtuliza tu."

"Ukamtuliza kwa mwili wangu."

Nikakusanya nyundo, mkasi na misumari yangu. Kochi la mama nikaliacha mgongo wazi, springi zinachungulia, nikatoka.

*

Kesho yake asubuhi ilikuwa siku yangu ya kliniki, naye aliijua; nilimkuta Mpimaji amekaa kwenye benchi la nje. Alikuwa amevaa shati la jana. Moyo, ule mpumbavu, ulinipiga teke ubavuni nilipomwona. Niliunyamazisha.

"Nani kakuita?"

"Hakuna."

"Basi umefuata nini?"

"Jana umeniambia sijui. Nimekuja kujua."

"Kaa hapo ujue benchi."

Lakini daktari alitoka kunipokea mwenyewe. Ni mama wa makamo, miwani kichwani siku zote, na siku zote anaitafuta. Akamtazama Mpimaji, akanitazama mimi.

"Huyu ndiye mchumba? Unataka aingie?"

Lilikuwa swali la kwanza baada ya muda mrefu ambalo jibu lake liliachwa kwangu. Kwa sababu hiyo tu nikasema, "Aingie. Akae kimya."

Nilimweleza daktari yote. Nilimtolea kopo la unga. Alilifungua, akanusa, akamwaga chembe kwenye karatasi.

"Nini hiki?"

"Cha kupunguza mwili."

"Nani aliyekitengeneza?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui, na hilo ndilo jibu langu." Akalifunika, akaliweka mbali na mimi. Kisha akachukua paketi ya vidonge vyangu vyeupe. "Sasa kosa letu sisi. Hiki kinashusha sukari uwe umekula au hujala. Ukikinywa kisha ukashinda njaa, ndiyo yanatokea ya jana. Na ni miongoni mwa dawa zinazoweza kuongeza uzito."

Nikahisi damu inanipanda masikioni. "Daktari, rudia."

"Zinaweza kuongeza uzito."

"Miaka sita mnanipa dawa ya kuninenepesha, na kila nikija hapa mnanipandisha kwenye mizani, mnatikisa vichwa, mnaniambia nipungue?"

"Una haki ya kukasirika."

"Sikuomba haki, hasira ninayo tayari! Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

Daktari alivua miwani kichwani, akaishika. "Wakati ule ilikufaa, sukari yako ilikuwa juu mno. Baadaye tulipaswa kukaa na wewe na kuangalia upya. Hatukukaa. Leo tunakaa. Kidonge hiki unakiacha, kile kingine unaendelea nacho. Sasa niambie, kupungua unataka wewe, au unatakiwa?"

Sikuwa nimewahi kuulizwa. Nilifikiri magoti yangu ninavyoyasikia nikiinuka nyuma ya kochi. Nilifikiri vidole vya miguu vinavyowaka moto nikilala.

"Nataka," nikasema. "Lakini kwa ajili ya magoti yangu. Si kwa ajili ya gauni wala picha."

"Vizuri. Basi sikiliza, uchague." Akavuta kiti karibu. "Njia ya kwanza ni chakula na mwendo, lakini kwa mpango, pamoja na mtaalamu wetu wa lishe. Si kushinda njaa. Kwa mwili wako, hata kilo saba au nane zikitoka, sukari na presha vitasikia. Ni ya polepole, na kuna miezi mizani itagoma kabisa. Njia ya pili ni sindano, mara moja kwa wiki, unajidunga mwenyewe. Inapunguza hamu ya kula na inashusha sukari. Mwanzoni wengi wanapata kichefuchefu, wengine wanatapika. Ukiiacha, uzito una tabia ya kurudi. Na kama unapanga mimba, lazima iachwe mapema, kwa hiyo tungepanga pamoja. Ya tatu ni upasuaji wa kupunguza tumbo. Huo unapunguza sana, na kwa baadhi ya watu sukari inatulia miaka mingi. Lakini ni kisu, kina hatari zake, na baada yake utakunywa vitamini na kupimwa maisha yako yote."

Mpimaji akakohoa. "Samahani, daktari. Kati ya hizo, ipi ni ya haraka zaidi?"

Niligeuka na kiti chote.

"Haraka ya nini?"

"Nauliza tu..."

"Haraka ya nini, Mpimaji? Unawahi wapi? Mama amekupa tarehe ya mwisho? Jana nimekula sukari ya kwenye zulia, leo unataka nipasuliwe tumbo ili usichelewe kutimiza ahadi?"

"Sikusema upasuliwe!"

"Umesema haraka! Kaa kimya nilikwambia, hata hilo limekushinda?"

"Naogopa!" Akapiga kelele, yeye ambaye hajawahi kupiga kelele. Akasimama. "Naogopa, Fundi! Nilimwona baba akikatwa mguu nikiwa kidato cha pili. Kila ukisema vidole vinawaka, usingizi wangu umekwisha. Nataka iwe haraka ili usife! Huo ndio upumbavu wangu wote. Kilo ishirini nilizitaja kwa sababu mama alitaka namba, na mimi ni mtu wa namba, nikampa."

Daktari akamuuliza kwa upole, "Baba yako alikuwa anatumia dawa gani?"

"Sindano ya kila siku. Insulini. Na mama alikuwa anamnyima vyakula vingi. Alikuwa..." Akainua kichwa. "Daktari, kulikuwa na asubuhi anaamka anatetemeka. Jasho jingi, anaongea vitu havieleweki. Tulikuwa tunasema ni homa. Tunamfunika blanketi."

Daktari aliigeuza miwani mkononi. "Siwezi kumsemea mtu ambaye sikumpima."

"Lakini inaweza kuwa."

"Inaweza kuwa."

Mpimaji akakaa. Sijawahi kumwona mtu akikaa vile, kama aliyekatwa kamba. Nilitaka kumshika mkono. Sikumshika. Hasira yangu ilikuwa na haki ya kumaliza kazi yake kwanza, na huruma ingesubiri kwenye foleni.

Nikamgeukia daktari. "Kisu hapana, si sasa. Naomba sindano, pamoja na huyo mtaalamu wa lishe, na mpango wa chakula kinacholiwa na mtu anayegonga nyundo kutwa. Tuangalie miezi mitatu. Ikinikataa, nitarudi tuchague tena."

"Mimba?"

"Hilo tutaongea mimi na wewe. Wawili." Mpimaji alitazama mikono yake. Aliisikia namba hiyo vizuri.

*

Nje, karibu na geti, aliniita.

"Fundi, simama dakika moja. Sikuombi kitu. Nataka usikie."

Akapiga simu, akaweka spika. Mama yake alipokea kabla haijalia mara mbili.

"Uko wapi? Tangu jana hujala kwangu."

"Mama, ile ahadi ya kilo ishirini naifuta. Haikuwa yangu kuitoa."

"Amekushika masikio huyo."

"Hapana. Jana aliomba msaada na mimi nikakutazama wewe. Sitakutazama tena. Kama hutakuja harusini nitalia, lakini nitaoa." Sauti yake haikurudi nyuma. "Na mama, kuna jambo jingine. Unakumbuka asubuhi zile za baba? Jasho, kutetemeka, tunamfunika blanketi?"

Tulisikia pumzi yake tu.

"Huenda haikuwa homa," Mpimaji akasema. "Huenda alikuwa kama Fundi jana."

Kisha mama akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Alikuwa anaomba chai ya sukari. Mimi namwambia, mume wangu, nakupenda, sikupi."

Mpimaji alifunika uso. Mimi niliichukua simu mkononi mwake. Sikuwa nimemsamehe mwanamke yule, na midomoni bado nilikuwa nahisi nyuzi za zulia lake.

"Mama, ni mimi. Hukujua. Hakuna aliyekueleza, kama mimi nilivyokuwa sielezwi."

"Binti yangu." akasema. "Siku nyingine ukitetemeka, vijiko vingapi?"

"Vitatu, kwenye maji. Kisha mnasubiri robo saa, mnanipima."

"Vitatu," akarudia, polepole, kama anayeandika. Akakata simu bila kuaga.

Nilimrudishia Mpimaji simu yake. Macho yalikuwa mekundu, na safari hii yalinitazama mimi, hayakutafuta zulia wala mlango.

"Na harusi?" akauliza.

"Miezi minne haipo tena. Itakuwa siku nitakayoitaja mimi, na kilo nitakazokuwa nazo siku hiyo. Ziwe pungufu, ziwe zilezile, ziwe zimeongezeka. Hakuna atakayeuliza."

"Hakuna atakayeuliza."

"Bado nimekukasirikia."

"Najua."

"Hujui. Nimekukasirikia sana, na sina mpango wa kuacha leo wala kesho."

"Nitasubiri."

Daktari alikuwa amesema nusu saa ya kutembea kila siku, na karakana ilikuwa umbali wa kama nusu saa. Nikashika njia kwa miguu. Mpimaji akanifuata, hatua mbili nyuma, bila kusema neno, na mimi sikumwambia aje mbele wala sikumwambia arudi. Tulipita maduka, tukapita wauza magazeti, tukapita shule iliyokuwa na kelele za mapumziko. Nilisikia viatu vyake vikiniandama, vizito, vya mtu aliyezoea kutembea porini na sasa hajui pa kukanyaga.

Kwenye kona ya mwisho sikugeuka kumtazama. Ila nilipunguza mwendo.